KUPIMA MWANAFUNZI SI KUTATHMINI PROGRAMU: UFUNDISHAJI WA KISWAHILI KAMA LUGHA YA PILI KATIKA SHULE ZA KENYA

Utangulizi

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wapenzi wa Kiswahili hutega masikio wasikie jambo moja tu: je, wastani umepanda au umeshuka? Ukipanda, tunashangilia na kusema kuwa ufundishaji umeimarika. Ukishuka, lawama humwangukia mwalimu, au Sheng, au vyombo vya habari, na mara nyingine wote hao kwa pamoja. Makala haya yanashikilia kwamba wastani huo, uwe mzuri au mbaya, hauwezi kulijibu swali tunalouliza. Mtihani humpima mtahiniwa. Programu ya kufundisha lugha ya pili ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna malengo, silabasi, vitabu, walimu na mafunzo waliyopewa, idadi ya vipindi katika ratiba, na yale yanayotendeka darasani mlango ukishafungwa. Kuitathmini ni kukusanya ushahidi kuhusu mambo hayo ili tuamue kama yanafanya kazi iliyokusudiwa, na kama hayafanyi, tujue panapovuja ni wapi.

Suala hili lina haraka yake. Mfumo wa 8-4-4, uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, unakunja jamvi. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023, na waliobaki katika shule za upili chini ya mfumo huo ni wachache wanaomalizia safari. Tukichelewa kuuliza programu ile ilifaulu wapi na ilikwama wapi, tutauanza mtaala mpya kwa mazoea yale yale na vipimo vile vile.

Lakini nikiri kwamba mimi binafsi sikulifikia suala hili kupitia vitabu. Nilikutana nalo katika mazoezi ya ualimu.

Wanafunzi wawili

Nilipangiwa shule ya upili ya kutwa katika eneo ambalo wakazi wake wengi ni wazungumzaji wa Dholuo. Katika kidato cha tatu palikuwa na mvulana ambaye mama yake aliuza samaki sokoni. Jioni alimsaidia kazi, na kwa kuwa wanunuzi wengi walitoka mbali, biashara ilifanywa kwa Kiswahili. Nilimsikia kwa masikio yangu akipatana bei, akitania, akiomba radhi samaki walipokuwa wamechelewa, akimtuliza mteja aliyefoka. Alikuwa akisema "samba" kwa "shamba" na upatanisho wake wa ngeli ulikwenda mrama, lakini hakuna aliyemwelewa vibaya. Katika jaribio langu la matumizi ya lugha alipata alama 9 kwa 40.

Dawati la mbele yake aliketi msichana aliyepata 31. Huyu angeweza kukupa umoja na wingi wa nomino yoyote na kuzitaja aina za vitenzi bila kufikiri. Siku moja mgeni alifika shuleni akamwuliza kwa Kiswahili ofisi ya mwalimu mkuu iko wapi. Msichana alitabasamu, akasita, kisha akajibu kwa Kiingereza.

Kwa muda mrefu nilijiuliza ni yupi kati ya hao wawili aliyefundishwa Kiswahili na shule. Jibu la haraka ni msichana, maana alama zake ndizo zinazohesabika. Jibu la pili, la mtu mwenye uchungu na mtihani, ni kwamba hakuna. Siku hizi naona majibu yote mawili hayana msingi. Hakuna aliyejua wanafunzi hao walikuwa na Kiswahili kiasi gani walipoingia kidato cha kwanza, na hakuna kumbukumbu iliyoonyesha walichofanyiwa darasani tangu hapo. Tulikuwa na alama mbili tu, na alama hazisemi zilikotoka.

Kiswahili kilivyoingia mtihanini

Historia hii inafahamika kwa wasomaji wengi wa jarida hili, kwa hivyo nitaipitia mbio. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilirudia msimamo wa kukiimarisha. Hata hivyo, kwa kuwa hakikutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi, shule nyingi zilikitumia kipindi chake kwa masomo mengine. Tume ya Mackay ya 1981 ndiyo iliyoleta pendekezo lililozaa matunda. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilikuwa cha lazima na cha kutahiniwa, na mwaka huo huo watahiniwa wa KCPE wakaketi. KCSE ya kwanza ilifuata mwaka wa 1989.

Hatuna budi kuushukuru mtihani. Uliwalazimisha walimu wakuu kukiwekea Kiswahili vipindi, wachapishaji kukiandikia vitabu, na vyuo kufunza walimu wake. Sisi wenyewe tuliosajiliwa katika idara za Kiswahili ni zao la uamuzi ule. Tatizo lilianza pale chombo kilichokusudiwa kulipa somo uzito kilipogeuka kuwa kipimo pekee cha ubora wa programu nzima.

Walioonja wakaona

Wataalamu wa lugha ya pili kwingineko walipitia njia hii kabla yetu, na makosa yao yanatufaa kuliko mafanikio yao.

Miaka ya 1960 nchini Marekani palikuwa na mabishano makali kuhusu mbinu mbili: ile ya zamani ya sarufi na tafsiri, na ile mpya ya kusikiliza na kusema iliyotegemea mazoezi ya kurudiarudia na maabara za lugha. Katika jimbo la Pennsylvania, mradi mkubwa ulioongozwa na Philip Smith uliwafuatilia wanafunzi wa Kifaransa na Kijerumani katika shule za upili ili kumaliza ubishi huo. Matokeo yaliwashangaza wengi. Wanafunzi wa mbinu ya zamani hawakuachwa nyuma katika kusikiliza, na katika kusoma walifanya vyema zaidi. Je, ubishi uliisha? La hasha. Wahakiki waliuliza kama walimu waliopewa mbinu mpya waliifuata kweli darasani, na kama majaribio yaliyotumiwa yalikuwa ya haki kwa pande zote mbili. Maswali hayo yalikuwa na uzito kuliko matokeo yenyewe. Ikiwa hujui kilichotendeka darasani, hata ukiwapima wanafunzi maelfu, huwezi kusema alama zao ni tunda la mbinu gani.

Mradi wa Bangalore nchini India unatukaribia zaidi, kwa sababu mazingira yake yanafanana na yetu: madarasa makubwa, vifaa vichache, na lugha ya pili inayofundishwa kwa ajili ya mtihani. N. S. Prabhu na wenzake, kati ya 1979 na 1984, walifundisha Kiingereza kwa kuwapa wanafunzi kazi za kufikiri, kama vile kusoma ratiba ya treni au kufuata ramani, bila kufundisha sarufi waziwazi. Mwaka wa 1984 Alan Beretta na Alan Davies waliwapima wanafunzi wa mradi na wale wa madarasa ya kawaida. Jambo la kuigwa ni namna walivyopanga majaribio yao. Hawakutumia mtihani mmoja. Palikuwa na jaribio lililopendelea ufundishaji wa sarufi, jingine lililopendelea ufundishaji wa kazi, na mengine yasiyoegemea upande wowote. Kama ilivyotarajiwa, kila kundi lilielekea kung'ara pale lilipozoezwa, huku majaribio ya katikati yakiupa mradi nguvu kwa kiasi fulani. Hata hivyo watathmini wenyewe walikiri udhaifu. Waliitwa mradi ukiwa unakaribia kwisha, madarasa hayakuwa yamegawanywa kwa nasibu, na walimu wa mradi hawakulingana na walimu wa kawaida kwa ujuzi. Baadaye Beretta alirudi kuchunguza jinsi walimu walivyoitekeleza mbinu, akaona kwamba walimu wa kawaida wa shule zile walipata taabu zaidi kuimudu kuliko wale walioletwa kwa ajili ya mradi.

Mwalimu yeyote wa Kenya aliyewahi kupewa silabasi mpya baada ya semina ya siku chache anaielewa taabu hiyo bila kuelezwa.

Kinyume cha Bangalore ni St. Lambert, kitongoji cha Montreal nchini Kanada. Mwaka wa 1965 wazazi wazungumzaji wa Kiingereza waliomba watoto wao wafundishwe kwa Kifaransa tangu chekechea. Wallace Lambert na Richard Tucker waliwafuatilia watoto hao mwaka baada ya mwaka, wakiwalinganisha na watoto wa Kiingereza kwa upande mmoja na watoto wa Kifaransa kwa upande wa pili, wakapima hata mitazamo yao kuhusu jamii ya wenye lugha. Waligundua kwamba watoto walielewa Kifaransa vizuri sana, kuzungumza na kuandika kwao kulikuwa nyuma kidogo ya wenyeji, na Kiingereza chao hakikudhurika. Tuliangalie neno "wakiwafuatilia". Tathmini ilizaliwa pamoja na programu, ikakua nayo.

Mfano wa mwisho ni wa Brazil, ambako Charles Alderson na Mike Scott walitathmini mradi wa Kiingereza katika vyuo vikuu kwa kuwashirikisha walimu na wanafunzi wenyewe kubuni maswali na kuyachambua majibu. Walikuwa na mzaha wao kuhusu mtaalamu anayeshuka kwa ndege, akakaa wiki mbili, akaandika ripoti, akapaa tena. Sisi hatuhitaji ndege. Hata mkaguzi wa gari la serikali anaweza kuwa mtaalamu wa aina hiyo.

Mahali pa kuanzia

Narudi nyumbani, na hapa ndipo ninapoona pengo kubwa zaidi.

Silabasi yetu imekuwa moja kwa nchi nzima, na mtihani mmoja. Lakini wanafunzi wanaanzia mahali tofauti mno. Mtoto wa Kigiriama au wa Kikamba anakuja shuleni akiwa na ngeli tayari kichwani. Anachojifunza ni viambishi vipya vya mfumo anaoufahamu, na mara nyingi kosa lake ni kuhamisha upatanisho wa lugha yake. Mtoto wa Kijaluo, wa Kikalenjin au wa Kiturukana anatoka katika lugha za Kinailoti zisizo na mfumo wa ngeli za Kibantu. Kwake yeye, kwamba kivumishi, kionyeshi na kitenzi vyote vifuate nomino moja ni wazo jipya. Mtoto wa Kisomali ana jinsia ya kisarufi, si ngeli. Mtoto wa Eastleigh au Kibera huenda amekua na Kiswahili cha mtaani kilicholegeza upatanisho, akaja kuambiwa kwamba lugha anayoizungumza tangu utotoni ni kosa. Na mtoto wa Lamu au wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza, anakosolewa kwa kuandika "mato" badala ya "macho", ingawa nyanya yake na nyanya wa nyanya yake wamesema hivyo.

Fikiria sasa shule mbili zenye wastani sawa wa Kiswahili, moja ikiwa Kilifi, nyingine Turkana. Kwa kigezo cha mtihani, programu zimefaulu kwa kiwango kimoja. Kwa kigezo cha tathmini, yaelekea walimu wa Turkana wamewavusha wanafunzi mto mpana zaidi. Wastani huwanyima walimu hao sifa wanayostahili, na huwapa wengine sifa ambayo huenda ni ya mama na mtaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mvulana wangu wa samaki, ila kinyume: soko lilimpa lugha, shule ikampa 9 kwa 40.

Hapa ndipo penye umuhimu wa kumtambua mwanafunzi wa lugha ya pili kama kundi lenye mahitaji yake. Vitabu vyetu vingi vya kiada hudhani kwamba mwanafunzi anaijua lugha na kilichobaki ni kumfundisha majina ya vipashio vyake. Ukimfundisha mtu istilahi za kitu asichokuwa nacho, atazikariri. Na msichana aliyepata 31 alizikariri vyema.

Malengo yaliyoandikwa na malengo yanayopimwa

Silabasi ya shule za upili iliyorekebishwa mwaka wa 2002 ilitaja stadi zote nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, pamoja na sarufi na matumizi ya lugha. Kusikiliza na kuzungumza kumewekewa mada zake katika kila kidato. Sasa tuitazame KCSE. Karatasi ya kwanza ni insha, alama 40. Ya pili ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Ya tatu ni fasihi, alama 80. Katika alama hizo 200 hakuna hata moja inayotolewa kwa mwanafunzi kufungua kinywa. Fasihi simulizi, ambayo jina lake lenyewe linatangaza sauti, huulizwa na kujibiwa kwa kalamu. KCPE nayo ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu na insha ya alama 40.

Sisemi kwamba Baraza la Mitihani lilikosea. Kumpima kila mtahiniwa kwa mazungumzo kote nchini ni kazi ya gharama kubwa, na kuhakikisha watahini wote wanatoa alama kwa kiwango kimoja ni kazi ngumu zaidi. Ninachosema ni kwamba chombo kisichogusa nusu ya malengo hakiwezi kutumiwa kudai kuwa malengo yametimia. Walimu nao si wajinga. Wanajua kinachopimwa, na kipindi cha kuzungumza ndicho cha kwanza kutolewa kafara muhula unapokaribia kwisha. Nami niliwahi kukitoa kafara, ili nimalize ufupisho.

Sauti ya nani?

Ned Flanders, aliyechunguza madarasa nchini Marekani, alisema kwamba takriban theluthi mbili za muda wa kipindi hutumiwa kwa mazungumzo, na theluthi mbili za mazungumzo hayo ni ya mwalimu. Nilipokisoma kipengele hicho chuoni nilidhani kinawahusu walimu wa zamani. Katika wiki ya sita ya mazoezi nilikiweka kinasa sauti mezani na kurekodi vipindi vyangu vitatu mfululizo, kila kimoja dakika 40. Jioni niliposikiliza, nilitamani kukizima. Nilikuwa nikiuliza swali, nikingoja kwa kitambo kisichozidi pumzi mbili, kisha nikalijibu mwenyewe. Wanafunzi walisikika wakiitikia kwa pamoja, neno moja moja, wakikamilisha sentensi nilizoziacha nusu: "Nomino hii iko katika ngeli ya...?" "KI-VI!" Yule mvulana hakusikika kabisa katika vipindi vyote vitatu. Sokoni hanyamazi.

Hakuna mtihani ambao ungenionyesha jambo hilo. Kinasa sauti kilinionyesha kwa jioni moja. Katika vipindi vilivyofuata niliwagawa wanafunzi wawiliwawili, mmoja akiwa muuzaji na mwingine mteja mwenye malalamiko, na nikamwomba mvulana aanze. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza kumsikiliza. Aliposema "hizi samaki", msichana wa mbele alimrekebisha, "hawa samaki". Alirudia "hawa samaki" bila kukatiza maneno yake na akaendelea kubishana kuhusu bei. Siwezi kudai kwamba nilitatua chochote kwa muda mfupi niliobakiwa nao. Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na ushahidi wa kitu nilichokifanya na kilichofuata baada yake.

Mtaala mpya na kazi yetu

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, umefungua mlango ambao 8-4-4 haikuwa nao. Sehemu ya alama za mwanafunzi hutokana na upimaji unaofanywa shuleni na mwalimu wake, na kundi la kwanza lilifanya mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini mwaka wa 2025. Upimaji wa shuleni unaweza kubeba kuzungumza na kusikiliza. Unaweza pia kugeuka kuwa karatasi za kujazwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Itategemea kama mwalimu amepewa vielelezo vya kiwango kinachotarajiwa, kwa mfano rekodi za wanafunzi halisi wa viwango mbalimbali, au ameachiwa maneno kama "anatimiza matarajio" ayafasiri apendavyo. Alama ya mazungumzo iliyotolewa Kakamega haina maana ikiwa mwalimu wa Garissa angetoa nyingine kwa mazungumzo yale yale.

Wanachama wenzangu watakaokwenda mazoezini muhula ujao wanaweza kuanza bila kungoja wizara. Wiki ya kwanza, kabla ya kufundisha lolote, mwalimu azungumze na wanafunzi wachache kwa dakika tano kila mmoja, aandike lugha zao za nyumbani na wanachoweza kufanya kwa Kiswahili. Katikati ya muhula arekodi vipindi vyake mwenyewe kwa idhini ya shule, ahesabu nani alizungumza na kwa muda gani. Wiki ya mwisho arudie mazungumzo yale yale na wanafunzi wale wale. Majina yaachwe, kumbukumbu ziletwe kwenye chama, na zile za Homa Bay ziwekwe kando ya zile za Kwale na Machakos. Mhadhiri mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya aliniuliza nani atazisoma kumbukumbu zote hizo. Nilimjibu kwamba kabati la chama lina rafu moja tupu, na ufunguo ninao mimi.